Aliyeshika Ufunguo wa Tangi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Sindano alitoka uani na kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole. Likiitika zito, maji yamejaa. Likiitika kama ngoma, hakuna kitu. Asubuhi hiyo liliitika zito, naye akarudi ndani akitabasamu.

"Baba, tangi limejaa pomoni!"

"Limejaa sasa," alijibu baba yake bila kuinua macho kwenye cherehani. "Tutaona jioni."

Sindano lilikuwa jina la utani. Wapangaji wa nyumba ile walimpa kwa sababu alikuwa msichana mwembamba, na kwa sababu maswali yake yalichoma. Baba yake alikuwa fundi cherehani, akifanya kazi kwenye baraza ya mbele inayotazama barabara. Vyumba vya nyumba vilizunguka ua mmoja, na katikati ya ua, juu ya matofali, lilisimama tangi jeusi la maji ambalo wapangaji wote walilinunua kwa kuchangishana. Maji ya bomba yalikuja alfajiri na kukatika wakati wowote yalipojisikia. Bila tangi, watu wangekunywa jasho lao.

Tangu zamani ufunguo wa tangi ulizunguka. Wiki hii chumba hiki, wiki ijayo kile. Mwenye zamu aliamka alfajiri, akaingiza mpira wa maji tangini, akafungua bomba, na likijaa akafunga bomba, akautoa mpira na kuutundika kwenye msumari ukutani. Kwa nini utundikwe? Hakuna aliyejua. Waliotangulia walifanya hivyo, na waliofuata wakafanya hivyohivyo, na maisha yakaendelea.

Kisha mwezi uliopita, katika wiki ya muuguzi wa chumba cha pembeni, tangi lilikutwa kavu mchana kweupe. Muuguzi huyo alikuwa mjane mpole, mama wa Chiriku, msichana mwenye mdomo usiochoka ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa Sindano. Mara nyingi alifanya kazi zamu ya usiku, na mchana alikuwa nyumbani amelala.

"Amelala, au anajifanya amelala?" aliuliza muuza mkaa, mwanamke mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. "Maji hayana miguu, jamani. Kuna mtu kayatoa."

Mkutano uliitishwa jioni hiyohiyo, muuguzi akiwa kazini. Hakuna aliyeona ubaya wa kumjadili mtu ambaye hayupo. Muuza mkaa akasema zamu zifutwe, fundi cherehani ashike ufunguo siku zote, maana ni mtu wa msimamo. Apange sheria yeye, amkamate mwizi yeye, na adhabu atoe yeye.

"Wanaokubali?" aliuliza fundi viatu, mzee waliyemwita Mzee Soli.

Mikono yote ilinyoshwa. Sindano, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alijisikia fahari mpaka masikio yakamwaka moto. Baba yake alikuwa amekuwa mtu mkubwa!

Na mtu mkubwa hakukaa bure. Kesho yake fundi alitoboa tundu kwenye mfuniko wa tangi, akaupitisha mpira humo mpaka chini kabisa, akaufunga kwa waya, kisha akaupiga mfuniko kufuli jipya, kubwa kama ngumi. Bomba aliamuru liachwe wazi, ili tone lolote litakalokuja liingie moja kwa moja. Mambo ya kutundika mpira akayafuta.

"Sasa hata mende hapiti," alisema, akaufunga ufunguo kwa uzi shingoni.

Siku mbili hazikupita, tangi likakauka tena.

Hapo ndipo ua ulipoharibika. Siku nyingine maji yalibaki, siku nyingine yalitoweka, na kufuli liko palepale likiwatazama. Watu walianza kuhesabiana ndoo kwa macho. Aliyefua nguo aliulizwa maji kayapata wapi. Asiyefua aliulizwa anaficha nini. Muuza mkaa alianza kuingiza madumu yake chini ya kitanda. Mzee Soli alihamishia benchi lake uani, akashona viatu siku nzima huku akilikodolea macho tangi, na jioni akaapa kwamba hakuna kiumbe aliyelisogelea. Wenzake wakatazamana. Tangu siku hiyo, wakamshuku na yeye.

Fundi naye aliongeza sheria kila jioni. Alipita chumba kwa chumba akikagua ndoo. Aliyechelewa kufungua mlango alinyimwa maji siku hiyo. Aliyelalamika alinyimwa pia.

Hata njiani kwenda shule mambo yalibadilika. Asubuhi moja Sindano alimkuta Chiriku akitoka na ndoo iliyofunikwa kitambaa.

"Kuna nini humo?"

"Nguo za mama za kazini."

"Funua."

Chiriku akafunua. Zilikuwa nguo za kazini, kavu, zimekunjwa.

"Umeridhika?" aliuliza. "Kesho utataka nikufunulie na mdomo uone kama nimemeza tangi."

Alikwenda zake shuleni peke yake. Sindano aliona aibu, lakini aibu yenyewe haikuiondoa shaka. Nguo kavu za nini ndani ya ndoo? Moyo ukishaanza kushuku, hata kitambaa kinakuwa shahidi.

Darasani wiki hiyo walisoma somo la uraia. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mfupi, mcheshi, asiyependa wanafunzi wanaokariri.

"Watu waliofikiri sana kuhusu utawala walibishana," alisema. "Wengine walisema binadamu wakiachwa bila mkubwa watatafunana, kwa hiyo afadhali wampe mtu mmoja nguvu zote awatie adabu. Wengine wakauliza, na huyo mmoja, yeye ametoka mbinguni? Akikosea, nani atamwambia?"

Darasa likacheka.

"Ndiyo maana, katika demokrasia inayofuata katiba, kazi hugawanywa. Wanaotunga sheria ni wengine, wanaozitekeleza ni wengine, wanaohukumu ni wengine. Kila mmoja anamchungulia mwenzake. Na sheria inamshika aliye juu kama inavyomshika aliye chini."

Sindano alinyosha kidole. "Mwalimu, na kama watu wote wamekubali wenyewe kumpa mtu mmoja kazi zote? Wamenyosha mikono kabisa. Si ndiyo demokrasia hiyo?"

Mwalimu aliweka chaki mezani. "Swali zuri hilo. Wamepiga kura, sikatai. Lakini kura inamchagua mtu tu, haimfanyi asikosee. Na yako mambo ambayo hata wengi wakikubaliana, hawaruhusiwi kumfanyia mmoja. Kumhukumu bila kumsikiliza ni mojawapo. Katiba huandikwa watu wakiwa wametulia, ili iwazuie siku watakapokuwa na hasira."

Sindano aliandika maneno hayo. Mkono ulikuwa unaandika, lakini mawazo yalikuwa uani.

Alipofika nyumbani aliwakuta wakubwa wamesimama kando ya tangi. Lilikuwa kavu. Muuguzi alikuwa ameshaondoka kwenda zamu ya usiku, na baba yake Sindano alikuwa akitangaza uamuzi.

"Jumamosi asubuhi tunakutana wote. Mama Chiriku anaondolewa kwenye tangi, na mwenye nyumba ataombwa amtoe na chumbani. Yeye ndiye yuko nyumbani mchana. Mambo yalianzia wiki yake. Tunataka ushahidi gani zaidi?"

"Tumechoka!" alisema muuza mkaa.

Sindano alisubiri mpaka baba yake aliporudi kwenye baraza. "Baba, Jumamosi watamwachia ajitetee?"

"Mshtakiwa hasemi. Hiyo ni sheria. Akisema atatuzungusha."

"Sheria ya nani?"

"Yangu!" Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, uzi ukakatika. "Nenda kamsaidie mama yako."

Mama yake alikuwa sokoni. Sindano akaingia chumbani kunywa maji. Nyuma ya pazia lilikaa pipa lao. Aliinua kifuniko, akataka kuchota, mkono ukabaki hewani. Pipa lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Tangi la watu wote limekauka, wapangaji wanagombania vikombe, na pipa la mwenye ufunguo linang'aa kama kioo.

Nani alikuwa na ufunguo? Mmoja. Chumba gani hakikaguliwi hata siku moja? Kimoja. Hakutaka kuyafikiri hayo. Alimpenda baba yake, na ndiyo sababu iliuma namna ile. Alikirudisha kifuniko taratibu, akatoka bila kunywa. Tangu hapo kila baba yake alipokohoa, alisikia kikohozi cha mwizi.

Jumamosi asubuhi maji ya bomba yalikuwa bado yanakuja, na mpira ulikuwa unanguruma uani. Wapangaji walitoka na viti na vigoda. Muuguzi alikuwa ametoka kazini muda huohuo. Alikaa na sare yake, macho mekundu kwa usingizi, na Chiriku amemshika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Chiriku alikuwa kimya.

Fundi alisimama. "Sina maneno mengi, na kwa sheria yangu mshtakiwa hasemi. Wanaokubali Mama Chiriku aondoke, wanyoshe mikono."

Muuza mkaa alikuwa wa kwanza. Mikono mingine ikafuata, mingine upesi, mingine kwa kusitasita. Mzee Soli aliinua wake nusu.

"Samahanini wakubwa zangu," sauti nyembamba ilisema. "Nina swali."

Watu wakageuka. Sindano alikuwa amesimama.

"Kila chumba kimekaguliwa," alisema. "Chetu alikikagua nani?"

Fundi alikunja uso. "Sindano, kaa chini."

"Baba, nakuheshimu," alisema Sindano, machozi yanamlengalenga, "lakini kama sheria ni ya wote, na sisi tumo."

"Mtoto kasema," alidakia Mzee Soli, akaushusha mkono wake. "Fundi, unaogopa nini?"

Fundi aliusogeza ufunguo shingoni, kisha akaonyesha mlango wake kwa kidevu. Muuza mkaa aliingia, na hakuchelewa kutoka.

"Pipa limejaa! Limejaa mpaka linamwagika! Kumbe mwizi tumemvika ufunguo sisi wenyewe!"

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka barabarani. Watu walewale waliokuwa wamemnyoshea muuguzi mikono wakamgeukia fundi kwa vidole. Mmoja akasema anyang'anywe ufunguo. Mwingine akasema ahame leo hii. Fundi alifungua mdomo.

"Jamani, nisikilizeni..."

"Mshtakiwa hasemi!" alifoka muuza mkaa. "Si sheria yako hiyo?"

Fundi alifunga mdomo. Sindano alimwona baba yake akiinamisha kichwa kama mtoto aliyegombezwa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka ukweli, hakutaka hivi.

Aliyesimama alikuwa muuguzi.

"Mwacheni aseme," alisema.

"Wewe? Aliyetaka kukufukuza?"

"Ndiyo, mimi. Ninajua ilivyo kukaa hapa mdomo umefungwa wakati watu wanakuamulia. Simtakii mtu, hata yeye. Sema, Fundi."

"Nimechota mapema," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Kila asubuhi, kabla yenu, nilijaza pipa langu. Nilijiambia nimelinda tangi, nimestahili. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Lakini pipa moja halikaushi tangi. Nilikuwa naliacha limejaa. Yanakokwenda maji mengine sijui. Haki ya Mungu, sijui."

"Basi tusidhanie," alisema muuguzi. "Tangi lipo, na sisi sote tupo. Tufungue, tukae tuangalie."

Kufuli likafunguliwa. Wakauegemeza mfuniko kando, mpira bado umefungiwa humo na ncha yake imezama chini. Benchi la Mzee Soli likawekwa, Sindano na Chiriku wakapanda. Fundi akatoa chaki yake ya kukatia nguo, akampa Chiriku, naye akachora mstari juu kidogo ya maji. Watu wakakaa kulizunguka tangi, kila mmoja akiilinda mikono ya mwenzake.

Mpira uliendelea kunguruma, maji yakapanda mpaka kwenye mstari. Jua lilipanda. Muuza mkaa alianza kusinzia. Kisha bomba likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Maji ya mtaa yalikuwa yamekatika.

"Mstari," alisema Sindano ghafla. "Angalieni mstari!"

Maji yalikuwa yanauacha mstari wa chaki. Polepole mwanzoni, kisha bila aibu. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Muuza mkaa alishtuka, akarudi nyuma na kigoda chake. "Pepo hilo! Mimi nahama!"

Chiriku aliinama, akaweka kiganja kwenye mpira. "Hakuna pepo. Mpira unatetemeka. Maji yanapita humu, yanarudi!"

Fundi aliruka, akauvuta mpira wote nje ya maji. Ukatoa mlio mrefu wa kunyonya hewa, kama mtu anayemaliza uji kwa bakuli. Maji tangini yakatulia palepale yalipokuwa.

Fundi alikuwa ameushika mpira mikononi, unamlowesha suruali.

"Tangi liko juu ya matofali," alisema taratibu, akijieleza mwenyewe. "Bomba la barabarani liko chini, na maji yakikatika linabaki tupu. Nimeuacha mpira umezama na bomba liko wazi. Yaliyoingia kwa mpira yametoka kwa mpira. Mwizi nimemfunga kwa waya mimi mwenyewe, nikampiga na kufuli."

"Kumbe ndiyo maana tulikuwa tunautundika!" alisema Mzee Soli, akajipiga paja.

"Na ile siku ya kwanza?" aliuliza muuza mkaa. Sauti yake safari hii haikuvuka hata ua.

Muuguzi alijibu. "Ile siku niliitwa kazini ghafla alfajiri. Kulikuwa na ajali. Niliuacha mpira tangini na bomba sikulifunga, nikatoka mbio. Niliporudi mlikuwa mmeshaamua. Neno hilo moja lingetosha. Jibu nilikuwa nalo, ila hakuna aliyeniuliza."

Muuza mkaa alijifunika uso kwa upande wa kanga yake. Baadaye alimwendea muuguzi, akamshika mikono yote miwili, akamwomba radhi bila kupaza sauti, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika nyumba ile.

Hawakuondoka uani mpaka mchana. Fundi alileta kipande cha ubao, na Sindano na Chiriku wakaandika kwa zamu yale wakubwa waliyokubaliana. Ufunguo utazunguka tena, na chumba cha mwenye ufunguo kitakaguliwa kama vyumba vingine, tena cha kwanza. Sheria zitatungwa na mkutano, na mwenye ufunguo hatakuwa hakimu. Kukiwa na kosa, watu watakaochaguliwa kwa kazi hiyo ndio watakaosikiliza. Sheria ya zamani haitafutwa mpaka watu wajiulize iliwekwa kwa nini.

"Andikeni na hii, kwa herufi kubwa," alisema fundi. "Hakuna atakayeadhibiwa kabla ya kusikilizwa, hata kama mikono yote imenyoshwa."

Ubao ulipopigiliwa ukutani, chini ya msumari wa mpira, fundi alimwita binti yake pembeni. Sindano alikwenda kichwa chini.

"Baba, nisamehe. Nilikushuku."

"Ulikuwa na haki ya kuuliza," alisema baba yake. "Tazama mwanangu. Mimi nilidhani tatizo ni kumpata mtu mzuri wa kushika ufunguo, basi. Nami nilijiona mtu mzuri. Lakini nilipotunga sheria mwenyewe, nikazilinda mwenyewe, nikahukumu mwenyewe, hakukuwa na mtu wa kuniambia nimekosea. Nikaanza kujipendelea kwa pipa, nikaishia karibu kumtupa nje mama wa watu na mtoto wake. Mwenye mamlaka anahitaji mtu wa kumuuliza, mwanangu, kuliko anavyohitaji kusifiwa. Usiache kuuliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza."

Aliuvua ufunguo shingoni. Uzi ulikuwa umemwachia alama. Akavuka ua, akamkabidhi muuguzi kwa mikono miwili, maana zamu ya kwanza ilikuwa ya chumba cha pembeni, ile ambayo hakumaliza.

Jioni, maji yalipogawiwa, fundi cherehani alisimama kwenye foleni na ndoo yake nyuma ya Mzee Soli. Zamu yake ilipofika, alimkuta Chiriku amesimama kando ya tangi, mikono kiunoni.

"Fundi, shikamoo," alisema Chiriku. "Funua ndoo."

Watu walicheka, na fundi akacheka nao. Kisha akafunua.